Wifi Limi, Msemaji wa Sinema

Jumanne, tarehe 9 Julai 1974. Asubuhi ilikuwa na baridi na upepo wa vumbi, mpaka shuka nililoanika uani kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, likawa jekundu kabla ya kukauka. Siku hiyo niliondoka kwenda Geita na gari la sinema. Mimi si mtu wa safari wala wa kuandika, niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnisamehe nikikosea. Nilikwenda kwa ajili ya mtoto, Kabula. Wifi yangu Limi, mke wa kaka yangu, alikuwa ananyonyesha, na mama akiwa kazini lazima awepo wa kumbeba mtoto.

Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa mashakani. Limi alikuwa mfagizi katika ofisi yenye gari hilo. Sinema zilisema Kiingereza, au Kiswahili cha haraka, ikabidi mtu asimame na kipaza sauti awaeleze watu kwa Kisukuma. Siku zote aliyesema alikuwa dereva, Mzee Athumani, mtu wa Tinde. Limi akaomba naye ajaribiwe. Bwana mkubwa wa ofisi alicheka, kisha akamwambia: safari moja tu. Watu wakibaki mpaka mwisho, kazi ni yako. Wakiondoka, rudi kwenye ufagio wako na usiniombe tena.

Tulipopita Tinde, Mzee Athumani alipiga honi kuwasalimu watu wake, kisha akamgeukia Limi.

"Mama Kabula, ukikwama nitapokea kipaza sauti."

"Nikikwama, Mzee, utanisikia. Usipokee kabla."

Akacheka. Niseme haki: hakuwa mtu mbaya, na alisema vizuri, nimewahi kumsikia. Ndiyo maana nilimhofia wifi yangu.

Kahama tulilala. Kesho yake njia iliingia porini, mbung'o wakaingia garini, nikawapiga kwa kanga kutwa nzima ili wasimguse mtoto.

Jioni tulifika kijiji kimoja cha wachimbaji wa dhahabu, kabla ya Geita mjini. Mwenyeji wetu, Mama Shija, alitupa viazi na maji ya kunawa.

"Nasikia leo anasema mwanamke?"

"Ndiye huyu," nikamwambia.

"Huyu mwenye mtoto mgongoni? Haya, mayu, tutaona."

Giza lilipoingia, shuka jeupe lilifungwa kati ya miti miwili. Wanaume walikaa mbele, penye gari. Wanawake walikaa nyuma ya shuka, kwa sababu mke wa mtu hawezi kuketi mahali pamoja na baba mkwe wake. Picha hupenya kitambaa, kwa hiyo nao huona. Nilikaa huko na mtoto.

Limi akaanza. Katika picha, mama mmoja alimpa mkwewe maji, kisha akamlisha mtoto uji wa karanga. Mara wanawake wakaanza kunung'unika.

"Aa! Anampa mkwewe kwa mkono wa kushoto!"

"Na mtoto pia! Analishwa kwa kushoto!"

"Huyu hakufundwa kwao. Twendeni zetu."

Wengine wakanyanyua vigoda. Nami niliona kushoto kwa macho yangu. Nikakimbia mbele kwa Limi, na huko nikamkuta mama yule yule anatumia mkono wa kulia!

"Wifi, wanaondoka! Kule nyuma anatumia kushoto."

Limi alikwenda kwenye ukingo wa shuka, akachungulia huku, akachungulia kule. Kisha akamwambia dereva, "Mzee, zima. Tulizungushe gari upande wa pili."

"Nizime katikati? Wanaume wataondoka, Mama Kabula. Kazi itakupotea."

"Wanaopika uji ni wale wa nyuma."

Mzee Athumani alimtazama, akazima. Angeweza kukataa, na kipaza sauti kingerudi kwake.

Ikawa miluzi. "Rudisha picha! Mwanamke kavunja mashine!"

"Shikamooni, baba zangu," Limi akasema. "Shuka lina uso na mgongo. Ninyi mmekaa usoni, mama zenu mgongoni, ambako kulia huonekana kushoto. Sasa tunabadilishana kidogo."

Gari likazunguka, mkanda ukaanza upya. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Kumbe kulia! Wabeja, mayu! Asante, mama!"

Upande wa pili mwanamume akapaza sauti, "Jamani, mbona sasa anatumia kushoto?"

Mama Shija akamjibu, "Vumilieni, baba! Sisi tumevumilia tangu gari hili lianze kuja!"

Kicheko kikazuka pande zote. Wachimbaji wakawa wanakuja mmoja mmoja ukingoni mwa shuka kuhakikisha, wanarudi wanatikisa vichwa. Mtoto alipolia, Limi alimchukua akamnyonyesha huku anasema, wala hakupoteza neno. Sikuona aliyeondoka, ingawa siwezi kuapa, kulikuwa na giza.

Tuliporudi Shinyanga, bwana mkubwa hakumuuliza Limi. Alimuuliza dereva.

"Watu walibaki?"

"Walibaki, bwana, mbele na nyuma. Mimi siku zote naona wanawake wanaondoka mapema, nikadhani wanawahi watoto. Mpe kazi. Mimi niachie usukani."

Bwana mkubwa akasema, "Haya. Wiki ijayo ni Kishapu. Mama Kabula aseme."

Nilidhani sinema ni ya mwenye mashine. Sasa naona ni ya yule anayekubali kutoka mahali pake aende kutazama wenzake wanaona nini, hata kama kwa kufanya hivyo anaweza kukosa kazi. Mimi nisingethubutu.

Jioni ile nyumbani tulikula ugali wa mtama na nsansa, mboga za majani yaliyokaushwa, zilizoungwa karanga. Kaka yangu, ambaye hakuwa ameipenda safari ile, alimwambia Limi asimulie picha yote kama alivyoisema Geita, na ugali wetu tuliumaliza umeshapoa.