Kikohozi cha Baba Mkwe

Siku walipotutangazia kwamba sote sasa ni ndugu, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya migomba. Mkutano wa kijiji ulifanyika uwanjani kwetu, huko Ikuti, na baba mkwe wangu alikaa mstari wa mbele. Mkamwana wa Kinyakyusa haonani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, wala hapishani naye njiani. Kwa hiyo ujamaa niliusikia kwa masikio tu, huku siafu wakinitafuna miguu. Mwenyekiti alisema hakuna tena mkubwa wala mdogo. Nilitamani kumwuliza kama hilo linanihusu na mimi, lakini nani anauliza swali kutoka migombani?

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mzee akikaribia, alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa, kilikuwa cha cheo, kama cha mkuu wa wilaya. Nikikisikia, nilimnyakua mwanangu na kutimua mbio. Mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa, aliamini huo ni mchezo tuliombunia yeye. Babu akikohoa tu, alianza kucheka kabla hata sijamnyanyua.

Kisha homa ikamshika. Kwanza tulisema ni meno, maana kwetu meno yalisingiziwa kila kitu. Lakini asubuhi moja aliamka akilia kilio chembamba ambacho sikuwahi kukisikia, shingo imekakamaa, utosi umetuna. Halafu degedege. Mume wangu alikuwa Tukuyu, mama mkwe yuko msibani Suma. Nyumbani alibaki mzee na baiskeli yake. Nilimlaza mtoto kwenye mkeka mbele ya mlango wa mzee, nikajibanza nyuma ya jiko, nikakohoa. Nilimwibia kikohozi chake mwenyewe.

Mzee akatoka, akamfunga kifuani kwa shuka, akapanda baiskeli. Mimi nikafuata kwa miguu, nikikimbia kando ya njia kwa heshima zote. Nikikumbuka, nacheka kwa hasira: mtoto anakata roho, na mama mtu anatafuta mgomba mnene wa kumsitiri.

Hospitalini muuguzi alimwuliza mzee mtoto amenyonya lini mara ya mwisho. Mzee akatazama dari. Nikajibu mimi, kupitia dirishani. Muuguzi, mwanamke wa pwani, aliuliza kama sisi ni wazima, kisha akaniamuru niingie, kwa sababu mtoto alitakiwa kukunjwa na kushikwa wakati wa kuchomwa sindano ya mgongo. Nikashika kichwa, mzee akashika miguu, kila mmoja akitazama ukuta wake. Daktari alitueleza kwamba ngozi inayofunika ubongo imevimba, na kwamba hata akipona, huenda ugonjwa ukaacha alama. Mimi nilisikia lile neno "akipona" tu.

Akapona. Tukarudi nyumbani na kwenye desturi yetu, kana kwamba hatujawahi kushika mtoto mmoja.

Siku moja nilikuwa nakandika ukuta wa jiko, mtoto ameketi mkekani, amenipa mgongo. Mzee akakohoa. Mikono yangu ilikuwa imejaa udongo, nikakimbia peke yangu. Huko migombani nikasubiri kicheko. Hakikuja. Mzee akakohoa tena, karibu zaidi. Mtoto akaendelea kuchezea ganda la ndizi. Mzee akakohoa mpaka kikawa kikohozi cha kweli, amesimama nyuma kabisa ya mtoto, na mtoto hakugeuka.

Niliumia. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

"Toka huko, mwana wangu," mzee akasema. Hakuwahi kunisemesha hata siku moja. "Huyu hasikii."

Nikatoka na udongo wangu hadi viwikoni, nikasimama mbele yake, nikamtazama usoni. Yeye naye alikuwa analia. Akainua mguu, akapiga chini kwa nguvu, karibu na mkeka. Mtoto akaihisi ardhi, akageuka, akatuona tumesimama pamoja, akacheka.