Risasi ya Buluu Iliyokwama Mtutuni

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naachia nilichoshika na kukaa kitako. Nimechoka siku hizi. Kazi ya kutengeneza lifti za watu imeyamaliza magoti yangu, na nikishuka treni pale kwetu Rågsved, huku ughaibuni, huketi kwanza kwenye benchi ndipo nianze kukipanda kilima. Kwa hiyo nisikilize taratibu, maana nami nasema taratibu.

Wakati huo sikuwa kijana wa umri. Nilikuwa kijana wa mchezo, mgeni katika klabu ya kulenga shabaha huko msituni, ukishapita kituo cha Jakobsberg. Aliyenipeleka ni rafiki yangu Deo, Mrundi wa mtaa wa Hallunda, mtu mpole, fundi wa kupaka rangi vyuma. Utashangaa mtu aliyekimbia vita aupende mchezo wa bastola. Hata mimi nilishangaa, nikamwuliza.

"Kaka," akanijibu, "nilipokuwa mtoto bunduki zote zilikuwa mikononi mwa wengine. Hapa naishika mimi, na kuna sheria, na kuna mzee anayenitazama."



Mzee mwenyewe ni Arne, msimamizi wa uwanja, Mswidi aliyestaafu, maneno yake machache kama jua la Desemba. Akisema "simama", hata ndege walikuwa wanasimama.

Deo alikuwa na kibali cha kutengeneza risasi za bastola yake, ile ya silinda inayozunguka. Aliyeyusha madini ya risasi, akayamimina kwenye kalibu, akapata vichwa vya risasi. Wengi huvipaka vichwa hivyo mafuta mazito ili visichafue mtutu, lakini mafuta yale yana moshi wa kukutoa machozi. Deo akasema, mimi ni mtu wa rangi, nitavivika rangi. Akachukua ile rangi ya unga inayookwa mpaka ishike kama ngozi. Aliioka kwenye jiko dogo la mtumba bandani, kwa sababu mkewe Consolata aliapa kwamba risasi na mkate haviingii tanuri moja. Siku moja akaniwekea kimoja kiganjani: buluu, kinang'aa kama peremende. "Usikilambe tu," akacheka.

Klabuni walimtania miezi mingi. Rangi itabanduka, walisema, itaziba mtutu. Ndiyo maana Jumamosi ile ya majaribio ilikuwa nzito kwake. Wenzetu walikuja kutazama, wengine na vikombe vyao vya kahawa. Deo akaniomba nifyatue mimi, yeye ahesabu matundu kwa darubini, na Arne akaridhia.

Tukaanza na zile za mafuta. Moshi ukatanda, matundu yakatawanyika. Tukaingia kwenye za buluu. Mlio safi, moshi kidogo sana, na matundu yakakaa pamoja kama vifaranga. Deo akapiga makofi. Nyuma yangu mtu akasema kwa Kiswidi kwamba jamaa anajua anachokifanya, na nikaona mabega ya rafiki yangu yakipanda.

Kisha nikavuta tena kifyatulio, kikasikika kimlio kidogo, kama mtu aliyegonga meza kwa kidole. Mkono wangu haukurushwa. Kwenye karatasi sikuona tundu jipya.

"Endelea," Deo akasema, jicho likiwa kwenye darubini. "Umekosa karatasi tu. Endelea, kaka!"

Mwanangu, watu walikuwa wananitazama, rafiki yangu alikuwa katika furaha yake, na kidole kilikuwa mahali pake. Kilichonizuia hata leo sikijui jina. Moyo haukuridhika, basi. Nikauacha mtutu uelekee kule kule kwenye shabaha, nikainua mkono wa pili, ishara ya kusimamisha. Uwanja mzima ukasimamishwa.

Mtu mmoja akacheka. Deo akanyanyuka, uso umemwiva. "Unanitia haya mbele ya watu. Unadhani risasi zangu ni mbovu?"

Nikaona aibu. Arne alipofika nikamwambia, "Samahani, mzee. Nimewasimamisha wote, na pengine ni bure."

Akaichukua bastola, akaitoa risasi zote, akapitisha ufito wa shaba mtutuni. Ukaingia, ukagota katikati. Akausukuma kidogo. Ukakataa. Kichwa cha buluu kilikuwa kimelala humo. Ganda la shaba lililokibeba halikuwa na baruti ndani. Fataki ya kitakoni, ile ya kuwasha baruti, peke yake ndiyo iliyokisukuma hadi hapo. Risasi ambayo ingefuata ingekigonga, na chuma kingenipasukia mikononi, Deo akiwa ubavuni pangu.

Hakuna aliyecheka tena. Arne akanigeukia mimi.

"Umeniomba samahani ya nini?" akauliza kwa ukali. "Ya kuwa mzima? Mimi hapa siwaogopi wanaosimamisha uwanja. Nawaogopa wanaoona haya kuusimamisha. Usiniombe tena samahani kwa jambo kama hilo." Maneno yalikuwa makali, lakini mkono aliouweka begani mwangu hakuuondoa upesi.

Deo alikusanya vitu vyake akaondoka. Simu hakupokea. Nilipanda treni hadi Hallunda. Consolata akanifungulia, "Shemeji, amelala," na mimi namsikia akikohoa chumbani. Binti yao mdogo akasema kwa Kiswidi, "Pappa vill inte", baba hataki, na mama yake akamkata jicho. Nikarudi zangu. Safari ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri na treni ile.

Majani yalishapukutika alipokuja kukaa karibu yangu, kwenye chai ya kanisani baada ya ibada. Hakusalimu.

"Mtoto aliniita kwenye chakula nikiwa katikati ya kujaza baruti," akasema. "Nikainuka. Niliporudi nilidhani lile ganda nimeshalijaza. Nilidhani tu. Sikukukasirikia wewe, kaka. Kila nikitaka kukupigia, naiona mikono yako."

"Mikono yangu hii hapa," nikamwambia, nikaiweka mezani.

Akaishika, mtu mzima yule, akalia mbele ya waumini na vikombe vyao.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alirudi uwanjani theluji ilipoyeyuka, na rangi yake ya buluu ikathibitika kuwa njema. Haikuwa na kosa tangu mwanzo. Siku hizi akijaza, simu huzimwa na mlango hufungwa, na kila ganda hulimulika kwa tochi kabla ya kulifunika. Arne tumeshamzika. Mimi ndiye ninayebaki kusema.

Basi nakuusia hivi. Jambo likikupa wasiwasi, simama, hata kama wote wanakuhimiza, hata kama anayekuhimiza unampenda. Wakicheka, waache wacheke. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Na aliyekosea kwa kudhani, mwendee tena hata akikufungia mlango, kwa maana pengine hana hasira nawe. Anaogopa alichonusurika kukifanya.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuinuka, na rafiki wa kuushika. Akufikishe kila jioni kwenu ukiwa mzima, uwakute wako wazima. Amina, mwanangu. Nenda salama.