Kungoja Sukari Ilale

Chwap, chwap, chwap. Mpaka leo nikifumba macho naisikia: ulimi wa paka ukichota maji kwenye bakuli la bati alfajiri, ukungu bado umekalia paa la nyumba. Mwanzoni niliipenda sauti ile. Nilijikunyata ndani ya kanga nikaota kwamba ni mto. Huku juu Newala mto uko mbali, chini kabisa bondeni. Maji yetu ni ya mvua, tunayavuna kwenye kisima cha saruji hapo uani, na kiangazi kikishika tunayahesabu ndoo kwa ndoo. Kwa hiyo kuwa na mto wangu mwenyewe, unaopita kando ya mkeka, niliona ni bahati.

Bibi yangu aliusikia mto huo kwa masikio mengine. Tunaishi wawili, mimi na yeye, na yeye ana ugonjwa wa sukari tangu mimi niko shule ya msingi.

"Mke mwenzangu," aliniambia asubuhi moja, "huyu paka anakunywa kama mimi."

Nikacheka. Hakucheka. Akanishika mkono mpaka nyuma ya jiko, kwenye mchanga ambako paka alikuwa akifukua na kujisaidia. Sisimizi walikuwa wamejipanga pale kama watu kwenye foleni ya kuuza korosho, wanakwenda na kurudi, wana haraka zao.

"Hata mimi zamani wadudu hawa hawa ndio walionisema, walipoufuata mkojo wangu," alisema. "Kabla ya hospitali."

Ndipo nikamtazama paka wangu vizuri. Alikuwa paka wa madoa ya majivu, hana jina, tulimwita Paka tu na aliitika. Mgongo wake ulikuwa umechongoka. Nilikuwa nimemwokota kwenye gunia tupu pale bandani ninapobangua korosho, akiwa hajafumbua macho, nikamlea kwa kitambaa kilicholoweshwa maziwa. Nilijua nikimpoteza huyu sitaokota mwingine.

Nikamtia kwenye tenga la kuku, nikashuka naye Masasi kwa daktari wa mifugo. Alikuwa mtu mzima mwenye buti za mpira, anatoka kuchanja mbuzi.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba binti. Kuku wana nini?"

"Si kuku. Ni paka."

Akachungulia ndani ya tenga. "Paka! Amegoma kukamata panya?"

"Anakunywa maji sana."

"Maji ya Newala? Basi huyo tajiri." Akacheka peke yake, kisha akaona uso wangu, akaacha. Akamchoma sikio kidogo, akaweka tone la damu kwenye mashine kama ile ya bibi. Ikasoma ishirini na mbili. Paka mzima, alisema, hazidi nane.

Akanifundisha kuinua ngozi ya shingoni na kupitisha sindano ya insulini chini yake, asubuhi na jioni, akishakula. Akanionyesha alama ya kipimo kwenye bomba na kuniambia nisiivuke bila kumpigia simu. Na ugali marufuku. Wali marufuku. Samaki, dagaa waliorowekwa chumvi ikatoka, utumbo wa kuku, basi.

Halafu akasema lile neno lililoniingia kichwani na kukaa. "Paka si kama sisi. Ukimtunza vizuri mapema, kwake sukari inaweza kulala. Haifi, sikudanganyi. Inalala, naye anaishi bila sindano. Wengine inalala, wengine hailali."

"Na kwa binadamu? Kwa bibi aliyezoea vidonge miaka mingi?"

Akanitazama, akafunga sanduku lake la dawa polepole. "Mwambie bibi asiache vidonge."

Nilipomweleza bibi, alikuna mguu. Kisha akasema, "Basi ilale kwake. Mmoja wetu apumzike."

Hayo yakawa maisha yetu. Chupa ya insulini ilikaa ndani ya chungu kidogo, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga niliounyunyizia maji ya kuoshea mchele, ili isipate joto. Sindano yangu ya kwanza ilipita ngozi ikatokea upande wa pili, ikamlowesha manyoya. Vidole vyangu vimekomazwa na mafuta ya maganda ya korosho, havihisi kitu chembamba. Nikajifunza kupapasa kwa mgongo wa mkono, na hapo ngozi yake ikawa laini kama ua la boga.

Bandani wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. "Paka asiyekula ugali, yeye mtalii?" mama mmoja aliniuliza, na wengine wakadakia kwamba wiki ijayo ataomba uma na kisu. Nilicheka nao. Lakini kichwani nilikuwa mahali pengine kabisa. Niliiwaza sukari kama mtoto msumbufu, ana macho makubwa, anapiga mateke ndani ya damu ya paka wangu. Kila nilipochoma nilimnong'oneza: lala, lala mtoto. Bibi alinisikia akasema hata dawa sasa inaimbiwa.

Na ilisikia! Kumi na saba. Kumi na nne. Kumi na moja. Tisa. Nilikuwa nampima kwa mashine ya bibi na kuandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Ile chwap chwap ya alfajiri ikapungua, mgongo wa paka ukaanza kuwa mviringo. Nikaota ndoto za mchana: nimekaa barazani, paka amelala mapajani, sina bomba mkononi, sina kitu cha kufanya.

Kisha ukaja msimu wa korosho, mabibo yameiva, njano na nyekundu, yanaanguka usiku na mchana. Kazi ikawa kuokota, kuzing'oa korosho kutoka kwenye mabibo yake, mabibo mengine tunayakamua juisi. Kijiji kizima kilinukia utamu. Na mashine ikasoma kumi na nane.

Nikadhani nimekosea. Kesho yake ikasoma ishirini. Keshokutwa ishirini na moja. Niliiangalia namba ile nikahisi kama mtu aliyejenga kijumba cha mchanga na mvua ikapita. Paka mwenyewe alikuwa mchangamfu, bakuli lake bado lina maji, lakini mimi nilitazama namba, sikumtazama yeye. Simu yangu haikuwa na salio. Nikajiambia, mtoto ameamka, atulizwe. Nikavuta bomba mpaka kuvuka ile alama.

Haikufika adhuhuri. Nilimkuta chini ya uchaga, miguu imelegea, kichwa kinatetemeka, macho wazi lakini hanioni. Nikapiga ukelele. Bibi alikuja na mikono yote inatiririka juisi ya mabibo, akamtazama mara moja tu.

"Sukari imemshuka. Mimi naijua hii." Akachovya kidole kwenye karai la juisi, akampaka paka kwenye fizi, pole pole, tena na tena, huku akisoma Bismillahi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nasema tu usiende, usiende. Nilihesabu kidole cha bibi kikichovya, nikapoteza hesabu. Mwisho ulimi wa paka ukatoka, mwembamba, wa pinki, ukalamba. Baadaye akainua kichwa. Alasiri alikula utumbo wa kuku, akasimama, akapepesuka, akaja kujiegemeza mguuni kwangu kana kwamba mimi sikumfanya kitu.

Nililia sana siku ile. Bibi aliniacha nilie, kisha akauliza, "Imeshukaje kwa paka mwenye ishirini na moja?"

"Sijui, bibi."

"Ukimpima, unanawa mikono?"

Huku kwetu mwisho wa kiangazi mtu hamwagi maji kwa mikono inayokwenda kuchafuka tena. Unajifuta kwenye kanga, unaendelea. Kila asubuhi niliamkia mabibo, nikajifuta, nikamshika paka sikio kwa vidole vile vile, nikaminya tone la damu.

"Nilifuta," nilisema.

Bibi akauchukua mkono wangu, akaunusa, akaulamba kwa ncha ya ulimi kama mtu anayeonja mchuzi. "Kliniki waliniambia siku ya kwanza: nawa ndipo ujichome. Mke mwenzangu, ulikuwa unapima sukari ya bibo."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chakula na kabla ya sindano, alichota kopo zima la maji kutoka kisimani, maji masafi ya kunywa, akanimiminia yeye mwenyewe na sabuni, mpaka kwenye viwiko. Maji yakanywewa na mchanga. Moyo uliniuma kuyaona yakipotea. Nikamfuta paka sikio pia, nikamchoma. Mashine ikafikiri. Sita.

Sita! Nikaazima simu ya jirani, nikampigia daktari, nikamweleza yote, na la kuvuka alama nikalisema. Alinigombeza kama baba, na nilistahili. Kisha sauti yake ikabadilika. "Usimchome tena. Mpime kila siku, mikono misafi. Ikipanda nipigie. Pengine, binti, pengine imelala, na wewe ulikuwa unaiamsha."

Nikapima. Sita. Saba. Sita. Siku kumi, kumi na tano. Nilitembea nyumbani kwa ncha za vidole, nikifunga mlango taratibu, eti nisimwamshe mtoto. Bibi alinishika nikinyata akaniuliza kama nimeanza wizi. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka, anameza kidonge chake cha asubuhi, paka amejikunja ubavuni mwake. Alikuwa anamkuna shingo, pale pale nilipokuwa napitisha sindano.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki hiyo, na kisima kikaanza kuimba kwa chini. Kesho yake niliamka alfajiri nikasikiliza. Kimya. Bibi alikuwa bado amelala, paka miguuni kwake. Nikaenda jikoni peke yangu, nikachutama mbele ya bakuli la bati. Maji niliyoyaweka jioni yalikuwa bado karibu ukingoni, na juu yake linaelea bawa moja la kumbikumbi. Nikanawa mikono, nikalitoa bawa kwa ncha ya kidole, nikalirudisha bakuli mahali pake.