Redio ya Mawe Sita

Nakumbuka kosa langu la kwanza katika mambo ya mitambo, mwanangu, nami sitakuficha: nilimnunulia mama redio iliyonipendeza mimi. Umeniandikia kwamba huu ni mwezi wa pili unalinganisha ruta za intaneti, hii ina antena nne, ile ina sita, na mkeo bado hutoka barazani kutafuta mtandao ili aongee na mama yake. Niliposoma, nikajiona.

Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara ilipoanza. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni, na bidhaa zikaanza kupita mpakani Horohoro. Mimi kijana wa Makorora, Tanga, ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kufungua redio mbovu za watu, na wasiwasi wangu ulipita kiasi. Waya nikiukunja vibaya, sili nikashiba. Mama, mzaliwa wa Pemba, alikuwa na dada yake huko, mgonjwa. Simu hatuna. Habari za misiba zilitangazwa redioni mchana, kutoka visiwani, na kila siku mama alikwenda kusikiliza kwa jirani yetu Mwanaidi. Akaona haya kuomba kila siku, akanituma nimtafutie redio.

Muuzaji aliniuliza, "Kijana, mama husikiliza stesheni ngapi?"

"Moja."

"Basi chukua hii ndogo. Mawe mawili tu."

Mawe ndiyo betri, mwanangu, tulivyoziita. Nikaona ananidharau. Nilizunguka wiki tatu, nikafika hadi Muheza, nikarudi na redio ya mawe sita, yenye masafa mengi ambayo hakuna aliyeyahitaji. Mwanaidi alipoiona akasema, "Hii redio, au kabati la vyombo?" Nikacheka kwa kiburi.

Kesho yake tangu alfajiri nikawa naitega. Sauti inatoka, lakini nyuma yake nasikia mkwaruzo. Mama akija namwambia, "Bado, mama, haijatulia." Nikaihamishia dirishani, uani, juu ya pipa. Mchana matangazo ya vifo yakaanza. Tukasikia jina la kijiji cha kwao, kisha sauti ikazama. Nilikuwa nimeyamaliza mawe kwa kutafuta usafi wa sauti, na mawe sita mengine, kwa uhaba ule, ningeyapata wapi?

Mama akakimbilia kwa Mwanaidi. Redio yake ilikuwa imezimwa. Mwanaidi hakuwa ameiwasha siku ile, na alipoiwasha matangazo yalikuwa yamekwisha. Alijua sasa tuna yetu.

Aliyetangazwa alikuwa ni dada yake mama. Tulipata habari siku ya nne, kwa mtu aliyevuka kutoka Pemba. Mama naye akavuka, akakuta matanga yameshaanuliwa.

Aliporudi nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi. Kisha akasema, "Mwanangu, mchagua nazi hupata koroma. Sikukutuma redio ya kushinda za watu. Nilikutuma sauti ya kwetu." Heri angenigombeza.

Basi usianzie dukani, anzia nyumbani. Jua nani ataitumia hiyo ruta, hukaa chumba gani, na ukuta gani uko katikati, maana ukuta mnene hula mawimbi hata antena ziwe kumi. Ya kawaida, iliyowekwa katikati ya nyumba, juu na pasipo kizuizi, itakufaa kuliko ya fahari iliyofungiwa kabatini. Umeme wetu unaujua, kwa hiyo fikiria pia nini kitaiwasha ukikatika. Mkeo akimsikia mama yake bila sauti kukatika, imetosha. Acha kuipima, mwache aongee. Mchagua jembe si mkulima.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba isiyopungukiwa na watu wa kuulizana hali, na habari za wapendwa wako zikufikie kwa wakati wake. Mimi, tangu mwaka ule, sinunui chombo cha nyumbani kabla ya kumuuliza atakayekitumia.