Picha Alizozifuata Kulwa

Usiniamini ukitaka, lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, si jirani wala shemeji wa jirani, hapa hapa Urambo, mchana jua likiwaka. Nani kakwambia wafu wanangoja giza?

Natengeneza kompyuta karibu na stesheni. Aliingia mwanamume mmoja kavaa suti nyeusi, akaweka flash mezani.

"Naitwa Kulwa. Zitoe picha zilizomo, umpelekee pacha wangu Doto, nyumba ya mwisho kabla ya mabani ya kukaushia tumbaku. Apate kulia."

Nilidhani ni namna yake ya kusema.

Antivirus ikasema flash ni safi. Uongo mtupu! Folda zote zilikuwa zimefichwa, zimebaki za bandia. Nikaingia kuisafisha mwenyewe kwa mkono. Nikafuta faili la kirusi, likarudi. Nikafuta tena, likarudi. Kirusi cha aina hiyo lazima ukizime kwanza, maana kinafanya kazi chinichini na kujizaa upya. Nikakisaka kwenye programu zinazoendelea, nikakizima, nikakifuta, nikafichua folda. Picha zikatoka: Kulwa na dada yake Doto wamekumbatiana, wanacheka. Nikageuka kumwonyesha. Hakuwepo.

Nikachukua laptop na flash, nikaenda kwa Doto. Nilimkuta akifunga majani ya tumbaku.

"Kaka, flash hii umeitoa wapi?" akaniuliza. "Ilikuwa mfukoni mwa suti tuliyomzika nayo."

Msiba wenyewe sikuwa na habari nao. Ningezipata wapi? Kwenye ukoo wao pacha akifa haliliwi, na Doto alikuwa ameonywa kwamba akilia atamfuata mwenzake. Alikaa na kilio kifuani tangu masika. Alipoziona zile picha aliketi chini akalia mpaka sauti ikamkauka, na wazee wa ukoo waliokuja mbio hawakuthubutu kumnyamazisha. Hakufa. Mpaka leo yupo, tena amenawiri.

Mimi ndiye sijapona, kama kwamba Doto alilia na machozi yangu. Niamini, sikuogopa siku ile wala sijaogopa tangu hapo. Sisikii chochote moyoni. Baadaye mama yangu mzazi alipozikwa, nilisimama pale nikiwaza chaja niliyoiacha kwenye umeme. Watu wakasema nina moyo mgumu. Moyo gani?

Basi, fundi mwenzangu, mtu usiyemjua akikuletea kazi ya kumliza mwingine, mwambie umeme umekatika. Mimi kila Jumapili naenda kaburini kwa mama, nakaa mpaka miguu inaingia ganzi. Chozi halijatoka hata moja.