Uzi Mweusi wa Jicho la Baba

Juzi hapa Uthiru nilimwona fundi akigongelea msumari kwenye ukuta wa mawe bila miwani, na mkono wangu ukaenda wenyewe usoni. Hivyo hivyo, nilipokuwa mtoto, baba alikuwa akitundika kalenda ya kanisa. Msumari ulikatika, kipande kikaruka, naye akakaa chini polepole kama mtu aliyechoka. Jirani alikuja mbio na beseni.

"Wacha maji! Usiguse hiyo jicho," mama alimwambia, akamfunika baba jicho kwa kikombe cha plastiki kilichokuwa bado kinanukia chai.

Hospitalini mjini, daktari alisema jicho limepasuka na lazima lishonwe jioni hiyo. Mama alikuwa fundi wa nguo, kwa hivyo nilielewa vizuri sana. Nikatoa uzi mweusi kwenye mkoba wake.

"Baba, shika. Rangi itafanana na jicho."

Mama alitaka kuninyang'anya, lakini baba alinyoosha mkono, akaufumbata, wauguzi wakamsukuma ndani na kitanda chake.

Kesho yake alinirudishia. "Wametumia kidogo tu," alisema.

Sasa najua uzi wa jicho ni mwembamba kuliko unywele, na kwamba jicho lile halikuona tena ila mwanga. Lakini siku tuliyomvalisha suti yake ya mwisho, kifungo kilikuwa kimelegea. Nikampa mama uzi mweusi kutoka kwenye mkebe wake wa nyuzi. Akaurudisha, akachukua wa kahawia.

"Huo ni wa jicho," alisema.