Goti la Mama Huguette na sauti kutoka Lubumbashi

Kule Musonoi, mtaa wa wachimbaji madini, uvumi hauchelewi kufika. Huu ulisema kwamba goti bovu likifanyishwa mazoezi, mafuta yake hukauka, na mtu hukaa chini asiinuke tena. Walitaja hata mwanamke wa Kapata, ingawa jina lake hakuna aliyelijua. Huguette Ndaya aliusikia, akalala nao, akaamka nao.

Asubuhi hii anasonga bukari, ugali wa wachimbaji, kando ya barabara, naye amesimama. Wanaomfahamu wanamtazama kama watu wanaoona maji yakipanda mlima. Miaka yote alisonga akiwa ameketi kwenye kibao kifupi, kama mama yake.

Magoti yalipovimba, daktari alimweleza kuwa viungo vinalika na uzito unavielemea. Kaka yake wa Lubudi akamwita afunge biashara, arudi kutunzwa. Kukalishwa mkekani kama mzigo kulimtisha kuliko maumivu.

Ndipo alipopata masomo ya Rachelle, mtaalamu wa mazoezi aliyeko Lubumbashi, anayefundisha kwa sauti za WhatsApp: punguza mafuta, punguza tonge, nyoosha mguu, keti kisha inuka taratibu. Huguette alifuata yote. Goti likawaka moto.

“Mi nikasema, ni ile batu banasema,” anakumbuka. “Mafuta inaisha.”

Akaacha masomo, akaanza kufungasha sufuria aende Lubudi. Binti yake, Abigaëlle, akamsihi afanye mara moja tu, akamrekodi video na kumtumia mwalimu. Jibu lilikuja kabla maji hayajachemka.

“Mama, hapo chini goti inajikunja sana,” Rachelle alisema. “Hata mi ningelia.”

Huguette alikuwa akiinuka kutoka kwenye kile kibao cha kusongea bukari. Rachelle aliomba radhi. Hakuwahi kusema kiti kiwe na urefu gani.

Leo kibao kiko juu ya matofali, na jiko pia. Kilo saba zimepungua. Tata Mulumba, mteja wa zamani, humtania kwamba amekonda kama mjane.

“Niko nakonda, lakini niko nasimama,” humjibu. “We umenona, na uko umekaa.”

Jumapili iliyopita alipanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Alipofika juu aligeuka, akaziangalia kana kwamba aliyezipanda ni mtu mwingine.

Kiangazi kikija atakwenda Lubudi, kutembea tu. Kaka yake amekatazwa kuleta pikipiki kituoni. Atafika mlangoni kwa miguu yake.

Wenye magoti kama hayo, na watoto wao, waepuke haya:

Kuinuka kutoka kwenye kibao kifupi.

Kuchuchumaa muda mrefu ukifua.

Kumalizia mafuta ya sufuria kwa kuona uchungu kuyamwaga.

Kulala siku nzima eti unalinda goti.

Kumeza vidonge vya dukani kila siku ili kazi iishe.

Kuumia ukanyamaza. Mwalimu wa mbali halioni goti lako mpaka umwonyeshe.